TUPIME MANENO YA WAOMBAJI URAIS KWA MIZANI YA MFANYA KAZI



Wakati wa mapumziko ya saa sita, katika karakana moja ya reli, wenzetu wawili walikaribia kupigana. Hawakugombania kazi wala mshahara. Waligombania watu wawili wanaotaka urais. Mmoja ni fita, wa pili ni mchomeleaji vyuma. Wote ni wanachama wa tawi moja, na ada zao zimelipwa. Tulipowatenganisha tuliwauliza swali moja tu: "Huyu mtu wako amesema atafanya nini juu ya karo ya skuli?" Fita akanyamaza. Mchomeleaji akasema mtu wake ni mtu mzuri. Tukauliza juu ya hospitali, wakanyamaza wote wawili. Kisha wakacheka, na ugomvi ukaisha.

Sisi hatukucheka sana. Watu wawili wenye watoto sita kati yao walikuwa tayari kutoana meno kwa sababu ya watu ambao hawajui watawafanyia nini watoto hao. Tena wote wawili wana akili. Mpe fita huyo bomba la breki lililopasuka, atakueleza lilipasuka wapi na kwa nini. Lakini likija jambo la siasa, anaiacha akili yake getini pamoja na kadi ya saa.

Baadhi ya matawi yameandika kutaka gazeti letu hili dogo liseme wanachama wamchague nani. Hatutataja jina. Chama ni cha kila mfanya kazi, wa kila kabila na wa kila upande wa siasa. Siku tutakapotaja jina moja, nusu ya wanachama watajiona wageni katika nyumba waliyoijenga kwa ada zao. Lakini kukataa kutaja jina si kukataa kufundishana. Kwa hivyo tumeona vema tutoe mfano wa mbali, usiomwudhi mtu yeyote hapa, na ambao mwisho wake unajulikana. Ni uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1960, kati ya Bw. John Kennedy na Bw. Richard Nixon. Mfano huu unatugusa kwa njia mbili. Watoto wa Kenya waliingia katikati yake, na watu wa reli walikuwa na neno ndani yake.

GARI LA USIKU LA 1947

Mabwana hawa wawili walianza kubishana zamani. Mwaka 1947 wote walikuwa wageni katika Bunge la Marekani, na wote waliwekwa katika kamati ya mambo ya kazi. Wakati huo ulikuwako mswada wa sheria iliyokuja kuitwa Taft-Hartley. Sheria ile ilivibana vyama vya wafanya kazi. Ilikataza mapatano ya kuajiri wanachama peke yao, na ilimpa Rais nguvu ya kuomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80. Bw. Nixon aliikubali. Bw. Kennedy aliikataa. Mwezi wa Aprili walialikwa McKeesport, mji wa viwanda vya chuma katika Pennsylvania, wakabishana mbele ya watu. Kisha wakapanda gari moja la usiku kurudi Washington. Husemwa kuwa walivuta vijiti kuamua nani alale kitanda cha chini, na Nixon akakipata.

Twalieleza jambo hili dogo kwa sababu. Watu wale walikuwa na ubishi mkubwa juu ya sheria ya kazi, lakini walilala katika chumba kimoja bila kushikana mashati. Wanachama wetu wanashikana mashati kwa mambo ambayo hawajayasoma.

KAZI NA MSHAHARA

Mwaka 1960 mshahara wa chini kabisa kwa sheria ya Marekani ulikuwa dola 1 kwa saa. Bw. Kennedy alitaka upandishwe mpaka dola 1 na senti 25, na sheria iwafikie watu wengi waliokuwa nje yake. Upande wa Bw. Nixon ulitaka kiasi kidogo zaidi, dola 1 na senti 15, ukisema kuwa kupandisha sana kutawafukuza watu kazini. Hoja zote mbili tunazijua. Kila tunapoomba nyongeza tunaambiwa kuwa nyongeza itakula kazi.

Shirikisho la vyama vya wafanya kazi la huko, AFL-CIO, lilimwunga mkono Kennedy. Hata hivyo hakuwa malaika wa vyama. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alikuwa katika kamati ya Senati iliyochunguza wizi na ulaghai ndani ya vyama, na viongozi wengine hawakumpenda kwa ajili hiyo. Sisi twaona kuwa mwanachama mwaminifu hana sababu ya kuogopa hesabu za chama chake kufunguliwa.

SKULI

Juu ya skuli walitofautiana waziwazi. Wote walikubali kuwa vyumba vya kusomea havitoshi. Bw. Kennedy alisema Serikali kuu itoe fedha za majengo na za mishahara ya walimu. Bw. Nixon alisema itoe za majengo tu, maana anayemlipa mwalimu mwishowe atamwamuru mwalimu afundishe nini. Mwezi wa Februari 1960 kura za Senati juu ya jambo hili zililingana, na Nixon, akiwa Makamu wa Rais, akapiga kura ya kukataa.

Hapa yafaa mfanya kazi atulie. Sisi tunaoandika tulisoma katika skuli ya msingi ya misheni, na twajua kuwa anayelipa huwa na neno. Hoja ya Nixon haikuwa ya kijinga. Lakini pia twajua kuwa jengo zuri lisilo na mwalimu ni ghala tu. Mtu akipima hoja hizi mbili na kuchagua moja, amefanya kazi ya raia. Mtu akichagua kwa sababu ya sura au dini, hajafanya kazi yoyote.

Na dini ilikuwako. Kennedy alikuwa Mkatoliki, na nchi ile haikuwa imepata Rais Mkatoliki hata mmoja. Watu wengi walisema kuwa atatawaliwa na Papa. Tarehe 12 Septemba 1960 alikwenda Houston mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti akawajibu waziwazi kuwa dini yake ni yake, na kazi ya Rais ni ya taifa zima. Huko dini, hapa kwetu kabila. Ugonjwa ni ule ule.

MATIBABU YA WAZEE

Wazee waliopita miaka 65 walikuwa wakifilisika kwa gharama za hospitali. Bw. Kennedy alitaka matibabu yao yalipwe kutokana na mfuko wa akiba ya jamii, yaani kila mfanya kazi na kila mwajiri watoe kidogo kidogo wakati wa kazi, na mtu akizeeka atibiwe kwa haki yake. Bw. Nixon alitaka mpango wa hiari, Serikali kuu na za majimbo ziwasaidie wazee wasiojiweza.

Tazameni tofauti hii vizuri, maana ndiyo ile ile inayotuhusu sisi. Katika njia ya kwanza kila mtu anakatwa, apende asipende, lakini anapougua haombi. Katika njia ya pili mfuko wako haukatwi sana, lakini siku ya shida ni lazima uonyeshe kuwa wewe ni maskini. Hapa Kenya, tangu Oktoba 2024, tumekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHIF. Kila mmoja wetu ana maoni yake juu ya mfuko huo, na wengine wana makovu. Basi mwombaji urais akija na kusema "nitawapa matibabu bora," tumwulize: ni kwa makato au kwa kodi? Nani ataachwa nje? Kibarua asiye na karatasi ya mshahara ataandikishwa namna gani?

HAKI ZA WATU WEUSI

Jambo lililokuwa moto kuliko yote lilikuwa haki za watu weusi. Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne, wanafunzi weusi, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka moja la Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Kwa miezi michache vijana wengi walifanya vivyo hivyo katika miji mingi ya kusini.

Hapa ndipo mizani inapokuwa ngumu, maana matendo ya Kennedy ya nyuma hayakuwa safi. Mwaka 1957 sheria ya haki za raia ilipokuwa mbele ya Senati, alikubali badiliko lililoilegeza. Nixon mwaka huo huo aliipigania sheria ile, tena alikutana na Mchungaji Martin Luther King katika sherehe za uhuru wa Ghana. Jackie Robinson, mtu mweusi aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa besboli, alimwunga mkono Nixon.

Kisha ukaja mwezi wa Oktoba 1960. Mchungaji King alikamatwa Atlanta, akahukumiwa miezi minne ya kazi ngumu kwa kosa dogo la leseni ya gari, akapelekwa katika gereza la Reidsville. Mke wake alikuwa mja mzito. Kennedy alimpigia simu kumfariji, na ndugu yake Robert akampigia simu hakimu. King akaachiliwa. Nixon hakusema neno mbele ya watu. Baba yake King, mchungaji wa Kibatisti aliyekuwa upande wa Nixon, akageuka.

Je, simu ni siasa au ni huruma? Labda zote mbili. Lakini mtu aliye gerezani hakuuliza.

Lazima tumtaje na ndugu yetu wa reli, A. Philip Randolph. Huyu aliongoza chama cha watumishi weusi wa mabehewa ya kulala, kilichoanzishwa 1925. Watu hao walitandika vitanda, walipangusa viatu vya abiria, na kwa miaka 12 kampuni ilikataa kutia sahihi. Mwaka 1937 ilitia. Mwaka 1960 Randolph hakukaa kumngoja mwombaji mzuri. Alisaidia kupanga maandamano mbele ya mikutano mikuu ya vyama vyote viwili, ili kila upande ulazimike kuandika ahadi zake juu ya haki. Huyo ndiye aliyeelewa. Hakuuliza "nani anatupenda?" Aliuliza "nani ataandika, na tutamshikaje?"

NDEGE ZA WANAFUNZI WETU

Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Mwaka 1960 wanafunzi wengi zaidi walipata nafasi, lakini nauli haikuwako, na Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kuitoa. Mwezi wa Julai Mboya alikwenda kumwona Kennedy. Mfuko wa jamaa ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000. Watu wa Nixon waliposikia, waliisukuma Serikali, na Serikali iliyokuwa imekataa ikageuka, ikasema nayo itatoa dola 100,000. Ukawa ugomvi mkubwa katika Senati. Mwishowe fedha za Kennedy ndizo zilizotumika, na mwezi wa Septemba ndege zikachukua wanafunzi zaidi ya 200.

Wazee wetu wamesema kuwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mara hii nyasi zilipata maji. Kwa nini? Kwa sababu kila fahali alitaka kura za watu weusi wa Marekani, na palikuwako mtu aliyejua kubisha mlango kwa wakati wake. Mboya hakwenda kuomba fulana wala kofia. Alikwenda na orodha ya wanafunzi na hesabu ya nauli.

BAADA YA KURA

Kura zilipigwa tarehe 8 Novemba 1960. Katika kura zaidi ya milioni 68, Kennedy alishinda kwa tofauti isiyofika 120,000. Katika jimbo la Illinois tofauti haikufika 9,000. Basi anayesema "kura yangu moja ni nini?" na akae na hesabu hiyo.

Ahadi zilifikia wapi?

Mshahara: Sheria ilipita mwaka 1961. Mshahara wa chini ulipanda kwa hatua mbili, ukafika dola 1 na senti 25 mwezi wa Septemba 1963. Lakini ili ipite Bungeni, wafanya kazi wa madobi, watu maskini kabisa, waliachwa nje.

Skuli: Kennedy alishindwa. Mswada wake ulikwama, na ugomvi juu ya skuli za Kikatoliki ulikuwa sababu moja. Sheria kubwa ya fedha za skuli ilipita 1965, wakati wa Rais Johnson.

Matibabu ya wazee: Nayo ilingoja Johnson, mpaka tarehe 30 Julai 1965. Kennedy alikuwa ameuawa tangu Novemba 1963.

Nyumba: Kennedy alikuwa amesema kuwa ubaguzi katika nyumba zinazosaidiwa na Serikali ungeweza kukomeshwa na Rais kwa mchoro mmoja wa kalamu. Miezi ikapita bila mchoro. Watu wakaanza kumpelekea kalamu na wino kwa posta. Alitia sahihi Novemba 1962, karibu miaka miwili baada ya kushika kiti.

Haki za raia: Hazikuja kama zawadi. Tarehe 28 Agosti 1963 watu kama 250,000 waliandamana Washington kudai kazi na uhuru, na aliyeongoza maandamano hayo alikuwa Randolph, mzee wetu wa mabehewa ya kulala. Sheria ilitiwa sahihi Julai 1964.

Na Nixon je? Alipata urais katika uchaguzi wa 1968. Mtu aliyeipigia kura Taft-Hartley ndiye aliyetia sahihi, Desemba 1970, sheria ya usalama wa wafanya kazi mahali pa kazi. Mwaka huo huo alitia sahihi sheria iliyounda shirika la Amtrak, la kuendesha magari ya abiria ambayo makampuni ya reli yalikuwa yakiyaacha. Lakini mwaka 1973 aliukataa mswada wa kupandisha mshahara wa chini. Mwaka 1974 alijiuzulu kwa fedheha.

Kwa hivyo aliyempenda Kennedy hakupata yote, na aliyemwogopa Nixon hakuumia kwa yote. Faida iliwafikia wale waliozidi kusukuma baada ya kura kuhesabiwa.

MIZANI YETU

Ndugu wanachama, kutokana na mfano huu tumetengeneza maswali manne. Tunaomba kila tawi liyaandike kwenye karatasi moja, jina la kila mwombaji juu, na mambo matano kando: mshahara, skuli, matibabu, nyumba, na haki za vyama.

(1) Amesema nini hasa? Si "nitaboresha". Kiasi gani, kwa nani, mwaka gani?

(2) Amefanya nini zamani? Wengi wao wamepata kushika viti. Walipigaje kura Bungeni? Walipokuwa Mawaziri au Magavana, wauguzi na walimu walipogoma, walifanya nini?

(3) Nani atalipa? Fedha hazianguki kama mvua. Zikikatwa kwetu, tuambiwe sasa.

(4) Je, jambo hili liko mkononi mwake? Kennedy aliweza kutia sahihi amri ya nyumba peke yake, lakini mshahara na skuli vilihitaji Bunge. Hapa kwetu, kwa Katiba ya 2010, hospitali nyingi na skuli za chekechea ziko chini ya serikali za kaunti. Mwombaji urais akiahidi dawa katika zahanati ya kijiji chenu, mwulizeni atapitia wapi. Na ninyi mjue kuwa kura ya Gavana si ya kutupa.

Panapokuwa hapana jibu, msijaze kwa kukisia. Acheni nafasi tupu. Nafasi tupu nayo ni jibu.

Waombaji wote waalikwe kwa barua moja, maneno sawasawa kwa kila mmoja, waje au watume watu wao. Atakayekataa kuja kwa wafanya kazi, jina lake liandikwe kuwa amekataa. Fulana zisigawanywe mkutanoni, wala pesa. Mtu akikupa shilingi 200 kwa kura yako, gawanya kwa siku za miaka mitano. Utapata kama senti 11 kwa siku. Hata gadi wa kwanza wa reli hii hakulipwa kidogo namna hiyo.

Na baada ya kura, karatasi ile isitupwe. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya zamu, ikae pale miaka mitano. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa husahauliwa na mdaiwa kwanza, kisha na mwenye kudai.

Fita na mchomeleaji tuliowataja wamekubali kuandika karatasi ya tawi lao pamoja. Wameanza na karo. Hawajapatana juu ya nani ni bora, wala hatuwatarajii wapatane. Wiki iliyopita tuliwakuta wanabishana tena, kwa sauti kubwa, lakini safari hii ilikuwa juu ya mishahara ya walimu, na kila mmoja alikuwa na kalamu mkononi.

Umoja wetu udumu.

MHARIRI